Mbao za Dirisha la Ersilia

Wageni wanaopanda kilima kuja Pietracorva hufika kwenye kichochoro chetu, wakapiga picha maua ya madirishani na kusema pazuri. Wangekaa juma moja tu wangeteremka mbio. Mimi nimezeekea hapa, chumba kilicho juu ya cha jirani yangu Carmosina, na sijaona uzuri wenyewe.

Carmosina alikaa upande huu, Ersilia upande ule, madirisha yakitazamana. Madirisha yetu yana mbao zinazofunguka kwa nje, na kichochoro ni chembamba hivi kwamba mmoja akifungua zake, za mwenzake hugonga na kukwama. Sheria ilikuwa moja: aliyewahi kufungua ndiye mwenye mwanga, mpaka afunge mwenyewe. Mkono wa mwingine haugusi. Aliyechelewa atamenya viazi kwa taa.

Carmosina alikuwa mjane mkavu, mwenye kufua, kupika na kusali kwa hasira ileile. Ili asipitwe, alianza kuamka kabla ya jogoo. Ersilia naye hakukubali. Mwishowe wote wawili wakawa wanaamka gizani kugombea mwanga ambao haujatoka. Kama huo si wazimu, sijui wazimu ni upi.

"Umelala mno leo, bibi wee," Carmosina alikuwa akimrushia siku aliyowahi. "Au kitanda kimekuoa?"

"Kimenioa na kinanitunza," Ersilia alijibu nyuma ya mbao zake. "Mumeo alikufa ili apumzike mbali nawe."

Msimu wa kukamua zeituni, Ersilia akaugua asiinuke tena. Carmosina akajitwalia mwanga kila siku bila kushindana na mtu, akapanga na vyungu vya mrehani dirishani, kwa kiburi tu. Nerina, binti wa Ersilia, akaja kutoka Torino kumuuguza. Akaniomba nikaseme na jirani, maana mama yake alikuwa hapati hewa.

Nikashuka. "Mwenzio anakufa, Carmosina. Funga hata saa moja."

"Ana mdomo. Aniombe mwenyewe."

Nikavuka kichochoro na ujumbe huo. Ersilia alivuta pumzi kwanza. "Mwambie nitakufa kabla sijamwomba."

Akafa kweli, mchana wa siku ya tatu, chumba kikiwa giza. Niliwachukia wote wawili, maiti na mzima.

Sasa, kwetu mtu akikata roho dirisha hufunguliwa ili roho itoke. Lisipofunguliwa, inabaki ndani ikihangaika. Nerina akasukuma mbao. Zikagonga za Carmosina. Akasukuma tena, huku analia.

"Mama Carmosina," akaita, "mama amefariki. Anataka kupita."

Nikawa natafuta cha kumtupia yule mwanamke. Kisha tukasikia vyungu vikiburutwa, kimoja baada ya kingine, na mbao zikafungwa.

"Apite," Carmosina akasema kutoka ndani. "Ila aende moja kwa moja. Asijitie kwangu."

Baada ya maziko Nerina alifunga nyumba kwa ufunguo akarudi Torino. Dirisha alilomfungulia mama yake hakulikumbuka. Mbao za Ersilia zikabaki wazi, zikapigwa na upepo wa baridi kali, na Carmosina akawa anawasha taa adhuhuri. Mrehani ukamkaukia ndani. Mimi nilingoja azisukume mwenyewe, wala hakuzisukuma.

Juzi uvumilivu ukanishinda. Nikachukua ufagio, nikainama dirishani kwangu, nikaanza kuzisukuma zile mbao za Ersilia zifungike. Zikalia.

"Ondoa ufagio wako," sauti ikatoka gizani chini yangu. "Yeye ndiye aliyewahi."

"Ersilia amekufa, Carmosina."

"Najua amekufa. Si mimi niliyempisha?" Nikasikia kisu kikiendelea kumenya viazi. "Akichoka atafunga mwenyewe."