Uji Aliokataa Afande

Afande alistaafu kazi ya kulinda wafungwa zamani, ila mtaani jina halikustaafu. Hata mkewe, fundi cherehani anayeshona sare za shule hapo kibarazani, alimwita hivyohivyo. Sasa saratani ilikuwa imemkamata tumbo. Kila alichomeza kilirudi. Mwanamume aliyekuwa akijaza mlango kwa mabega alibaki kujikunja kitandani kama shati lililosahauliwa.

Dawa za maumivu ziliisha, na hospitali ikasema nayo haina. Muuguzi aliyekuja kumsafisha vidonda vya kulala kitandani alitazama mlangoni kwanza ndipo akafungua mdomo.

"Mama, ziko nchi wanawapa wagonjwa kama hawa bangi. Kichefuchefu kinatulia, wanakula. Wengine inawavuruga kichwa, moyo unawaenda mbio. Na hapa kwetu ni jela. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Mimi ndiye niliyesikia."

Mama akafunga cherehani mchana kweupe, akaenda kwa kinyozi wa kona ya soko. Huyu alifungwa kwa bangi ujanani, na aliyemlinda huko ndani alikuwa Afande mwenyewe. Kusikia shida iliyomleta mama, kinyozi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Afande huyuhuyu? Aliyenilaza kwenye sakafu yenye maji kwa ajili ya msokoto mmoja?"

"Huyohuyo. Cheka umalize, halafu unisaidie."

Akacheka, akamaliza. Kisha akamfungia majani kwenye gazeti. "Chemsha na maziwa, kidogo tu, mama yangu. Ukimuua watasema nimelipiza kisasi. Na sina mengine, askari wamelikalia soko."

Mama aliyachemsha, akayakamua kwa mkono, akayatia kwenye uji. Afande akanywa, usirudi. Akalala usingizi wa kukoroma. Alipoamka alimtukana jirani kwa kelele za redio, na mkewe akamshukuru Mungu kwa kulisikia lile tusi.

Siku chache zikaenda hivyo, nyumba ikapumua. Mpaka asubuhi moja, mama akimpangusa mdomo, Afande akamshika kiganja na kukipeleka puani. Ndivyo alivyofanya gerezani wafungwa waliporudi kutoka kazi za nje: mistarini, mikono mbele, Afande ananusa kidole kimoja kimoja. Sabuni haikuwahi kumdanganya.

"Nani kakupa?"

"Kanipa nini?"

"Mwanamke, usinifanye mtoto. Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kula."

Afande akakiachia kiganja. Nzi alitembea ukingoni mwa bakuli, hakuna aliyemfukuza.

"Kama hii ni dawa," alisema, "basi mimi kule nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Ulikuwa unalisha watoto."

"Kaimwage. Yote. Mlango uache wazi nione."

"Simwagi! Nipige kama mkono unanyanyuka."

"Basi sili tena kutoka mkononi mwako. Nitakufa na njaa, lakini nitakufa nikiwa mimi."

Mama alimjua mtu wake. Na yeye naye si mtu wa kubembeleza. Hasira zikampanda, akabeba sufuria, akabeba na gazeti lenye majani, akavimwaga vyote kwenye shimo la choo uani, mlango wazi, mgonjwa anatazama. Mama huyu maisha yake yote hakukosa kubakiza: kipande cha kitambaa, konzi ya unga, chochote. Siku hiyo, kwa ukaidi, hakubakiza hata jani.

Jua halijageuka, maumivu yakaja. Afande alijikaza, akauma pembe ya mto, jasho likamlowesha shuka. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mitupu mapajani, hana la kufanya.

"Mama watoto."

"Abee."

"Umemwaga yote?"

"Umeniona mwenyewe."

"Hata kidogo hukubakiza?"

"Hata kidogo."

"Vizuri," akasema Afande, akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika. Mkewe hakuwahi kuyaona mabega hayo yakitikisika, hata siku walipomzika mtoto wao mmoja.

Mama akainuka, akatafuta viatu chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Niambie nisiende, nisiende."

Afande aliuma mto, asiseme neno. Mama akatoka. Pale barabarani alisimama akitazama huku na huku, maana kinyozi alikwishamwambia hana mengine, na mlango mwingine wa kubisha hakuujua.