Makinda Tuliowapa Majina

Ninyi mliolelewa kwenye miteremko ya Runyenjes hamtahitaji maelezo mengi. Enzi zetu mtoto aliweza kutazama kilele cha mti bila kupanda hata tawi moja. Shamba letu liliteremka kama ngazi: kahawa juu, nyumba katikati, migomba chini yake, halafu ardhi inakatika ghafla kuelekea mtoni. Hapo inapokatika palikuwa na mkaratusi mmoja mkubwa mno, na ukikaa kwenye tuta la mwisho la migomba, kilele chake kilikuwa mbele ya pua yako. Wageni kutoka tambarare walishuka kwetu wakishika majani ya kando ya njia wasibiringike, kisha wakauliza ng'ombe wetu wanalalaje.

Ni kwenye mkaratusi huo korongo walijenga. Nasema korongo, lakini msimfikirie yule ndege mrembo wa kwenye kalenda. Hawa ni wale wakubwa wenye upara, mdomo mrefu mzito na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, wanaoshinda kwenye vichinjio wakisubiri matumbo. Mmoja akisimama kimya amekunja mabawa, utadhani ni mwalimu mkuu amekuja kukagua kucha. Watu wazima waliwaona uchafu mtupu. Baba alisema mara kadhaa kwamba angewafukuza. Lakini ilikuwa ile baridi ya Julai, ukungu hautoki mpaka saa sita, na hakuna aliyetaka kusimama nje bila sababu, kwa hiyo ndege wakaachwa wabebe vijiti vyao. Viota vilikuwa kadhaa, ila ni kimoja tu tulichoweza kuchungulia ndani, na majirani wa kiota hicho walikuwa wezi wa vijiti kupindukia. Mwenye nyumba akigeuka tu, jirani keshachomoa kimoja.

Mwaka huo ndio tulimzika guka, yaani babu yetu mzaa baba. Baada ya mazishi baba alimleta cucu, nyanya yetu, akae nasi, kwa sababu kule kwake alikuwa ameacha kula. Hakuwa na ugonjwa wenye jina. Daktari wa Embu mjini alimpima akasema haoni kitu. Cucu alilala akiutazama ukuta, uji ukaletwa ukiwa moto na kuondolewa ukiwa baridi, umefanya ngozi juu. Mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana hata akiwa amevaa sweta. Nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, akidhani tuko nje, kwamba akiendelea hivi hatutafika Krismasi naye.

Mimi ndiye niliyebeba jina lake. Mnajua mambo ya kwetu: mvulana wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, msichana wa kwanza la nyanya mzaa baba, na hapo hakuna mjadala. Kaka yangu ni Nyaga kwa sababu ya guka, mimi ni Igoki kwa sababu ya cucu. Baba aliniita mami mpaka nikaolewa, na cucu alimwita Nyaga "mume wangu" mbele za wageni, Nyaga akitamani ardhi immeze. Kwa hiyo cucu alipoacha kula, niliona kama ni mimi ninayekwisha. Niliogopa sana, na sikujua nimwambie nani.

Siku moja katika likizo ya Agosti nilikuwa nimeketi miguuni pa kitanda chake nikimweleza Nyaga, wala si yeye, kwamba mayai yameanguliwa na kuna makinda wawili wenye manyoya kama pamba chafu. Cucu akageuka. Akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, ndege mwenye mdomo kama jembe anamlishaje mtoto bila kumtoboa jicho. Hatukuwahi kuangalia. Akasema basi twende tukaangalie badala ya kukaa hapo tukimpigia kelele.

Tulishinda kwenye tuta siku nzima, tukila ndizi mbichi za kuchoma na kuumwa na siafu. Jioni tukarudi na jibu. Hamlishi mdomoni. Anatua, anainamisha kichwa, anatapika chakula kwenye sakafu ya kiota, na makinda wanajiokotea wenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme hayo yote pale mama aliponivuta kando, akanipa kikombe cha uji na kuninong'oneza.

"Usimjibu mpaka amalize."

Ndivyo biashara yetu ilivyoanza. Cucu alinung'unika, akasema mwanawe ameoa mkoloni, lakini alikunywa. Alipomaliza nikamweleza. Alitikisa kichwa, akasema hakuna jipya hapo, yeye mwenyewe alimtafunia baba yangu ndizi na viazi kabla hajaota meno, na tazama alivyokua mkubwa. Kisha, kabla sijatoka, akauliza lingine.

Aliuliza jua likiwa kali wanafanya nini huko juu bila kivuli, tukaona mzazi akisimama juu ya makinda amefungua mabawa yote mawili, jua limempiga mgongoni, naye haondoki. Aliuliza kama ni mama peke yake anayehangaika. Tukaona wanapokezana wawili, ila hatukuweza kabisa kusema yupi mume na yupi mke, maana wanafanana kama mapacha. Aliuliza wanaongeaje, na hilo lilitushangaza hata sisi, kwa sababu wale wakubwa hawakuimba wala kulia kama ndege wengine. Waligonganisha midomo tu, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayepiga mbao mbili.

Swali lililotutesa zaidi lilikuwa la miguu. Cucu alikumbuka kwamba miguu ya korongo ni myeupe, akataka kujua kwa nini. Nyaga alishikilia kwamba ni chokaa ya kichinjioni. Mimi nilisema wamezaliwa nayo. Tuligombana mpaka tukarushiana matope. Mwishowe, mchana mmoja wa jua kali, tukaona kwa macho yetu wenyewe: wanajinyea miguuni, tena kwa makusudi, na kinyesi kikikauka kinakuwa cheupe. Jibu hilo mama aliliuza kwa uji na viazi juu. Cucu alicheka mpaka akapaliwa, mama akatoka jikoni mbio akidhani ndio mwisho.

Likizo ilipokaribia kuisha, cucu akasema amechoka kusikia "yule mkubwa" na "yule mdogo". Mtoto asiye na jina unamsimuliaje? Tukawapa majina bila hata kufikiri, kama ambavyo yeyote wa kwetu angefanya. Mkubwa ni mvulana, jina lake Guka. Mdogo ni msichana, jina lake Cucu. Mambo yakaisha. Cucu mwenyewe alifurahi mno. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama makinda wamekula. Nikiingia tu na kikombe, alikuwa akiuliza, "Nimekula leo?" Nami namjibu amekula matumbo, au leo Guka amemnyang'anya kila kitu. Maana yule kinda mkubwa alikuwa mlafi, anamkanyaga mwenzake na kumeza chakula chake na cha huyo mwenzake. Cucu akasema hata huko juu mzee hajaacha tabia zake, na akamwagiza mama aongeze supu ili apate nguvu za kupambana naye.

Mama ndiye peke yake aliyekuwa na wasiwasi. Alimwambia baba kwamba jina la mtu si kitu cha kutundika kwenye mti. Baba akamjibu kwamba mama yake anakula, na huo ndio mwisho wa maneno.

Shule zilipofunguliwa nilikuwa nikitoka mbio. Wenzangu walibaki wakicheza mchezo wa kati kwa mpira wa makaratasi, walimu wakituwinda kwa sababu ya sketi zilizochanika, na mimi nimeshateremka kijia cha mtoni vitabu vikinigonga mgongoni. Sikutaka siku ipite bila habari. Makinda walishaota manyoya meusi ya kweli, wakasimama kwenye ukingo wa kiota wakipigapiga mabawa bila kwenda popote. Mdogo alikuwa bado mdogo, lakini alijitahidi. Nilimpenda yule ndege, sitaficha, ingawa alikuwa na sura mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

Kisha mvua za Oktoba zikaja na upepo. Usiku kucha mabati yalilia, na asubuhi Nyaga aliniita kwa ishara kutoka kwenye migomba. Kinda alikuwa chini ya mkaratusi, amelowa, shingo imelala vibaya. Mkubwa alikuwa bado juu, peke yake, amejikunyata. Tulimwinua pamoja. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na joto lote lilikuwa limeshamtoka.

Baba alichimba shimo pale pale. Mama alitukusanya jikoni akatuambia asithubutu mtu kufungua mdomo mbele ya cucu, angalau mpaka apate nguvu. Tukasema sawa. Halafu, kwa sababu ilikuwa saa ya uji na kila siku ni mimi niliyeupeleka, akanipa kikombe.

"Nimekula leo?" cucu akauliza.

Nilitazama kikombe. Nilikuwa nimepanga kusema ndiyo. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na uso wangu haujawahi kujua kuficha kitu, mpaka leo mume wangu hunisoma kama tangazo.

"Umeanguka, Cucu," nikasema.

Mama alikuwa mlangoni. Alijishika mdomo. Cucu akageuka polepole akautazama ukuta, kama alivyokuwa akifanya zile siku mbaya. Mvua ilikuwa bado inapiga mabati.

"Ni yupi?" akauliza ukutani.

Nikamwambia ni mdogo.

"Na nani aliwaambia mdogo ndiye mwanamke?"

Hakuna aliyetuambia. Tulijiamulia tu, mkubwa mume, mdogo mke. Cucu akageuka, akajiinua kwa kiwiko, akanikaripia pamoja na Nyaga, ambaye hata hakuwemo chumbani, kana kwamba tumeunguza sufuria ya githeri. Akasema si sisi wenyewe tulimweleza kwamba hata wazazi wao hawatofautishiki? Tulipanda lini kuangalia watoto?

"Basi aliyeanguka ni guka yenu," akasema. "Huyo tulishamzika. Mimi bado niko juu. Lete huo uji."

Akaunywa wote. Aliunywa huku machozi yakidondokea kikombeni, naye hakuyafuta. Kwenye mazishi ya guka alikuwa amekaa kama jiwe, wanawake wakamsifu kwa kujikaza. Siku hiyo ndiyo alimlilia mumewe, miezi mingi baadaye, akiwa ameshika kikombe cha bati, na mama akaja akakaa kitandani akalia naye. Mimi nilisimama pale nisijue kama nifurahi.

Baada ya hapo hakutaka tena kuletewa habari. Alitaka kuona. Baba alimbeba mgongoni kupitia migomba, hatua kwa hatua kwenye utelezi, cucu akimwelekeza mahali pa kukanyaga kana kwamba baba hajawahi kupita pale. Tulimtandikia gunia kwenye tuta la mwisho. Alimtazama kinda kwa muda mrefu sana, kisha akasema kwamba hakujua amekuwa na upara kiasi hicho.

Karibu na Krismasi kinda aliruka. Tulikuwa wote pale, hata mama, mikono ina unga. Alisimama ukingoni mwa kiota, akafungua mabawa, akajiachia, akadidimia moja kwa moja chini ya upeo wetu. Cucu alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Halafu kinda akatokea upande wa pili wa bonde, juu ya kahawa za watu, anapepea vibaya lakini anapepea. Cucu akashusha pumzi. Akasema miguu yake imekufa ganzi, tumrudishe nyumbani. Aliishi akamwona Nyaga akioa, na akacheza kwenye harusi.

Leo ninaishi Meru mjini. Korongo wapo hapa pia, tena wengi, kwenye miti ya karibu na soko la Gakoromone, na wateja wanapita chini yao wamejifunika vichwa kwa karatasi za kufungia sukuma wiki. Mkaratusi wetu ulikatwa ukawa nguzo. Nilipoanza kumsimulia mwanangu haya, alichukua simu, na kabla sijafika kwenye uji alikuwa ameshanisomea uzito wa korongo, upana wa mabawa yake na nchi zote anakopatikana. Majibu yote yalikuwa sahihi. Sikuwa nimemuuliza kitu. Kisha akarudi kwenye mchezo wake wa kupigana risasi na watu asiowajua.

Simcheki sana, kwa sababu na sisi watu wazima hatuna tofauti naye. Mama yangu sasa ndiye mzee. Yuko kule kule Runyenjes, tumemtundikia televisheni kubwa ukutani, dawa zake zimepangwa kwenye kisanduku cha siku za wiki, na kila jioni tunampigia simu, wa Nairobi, wa Meru na wa ng'ambo, kuuliza kama amekula. Anasema amekula. Tunasema sawa, tunakata. Enzi zetu hakuna aliyekuwa na hivi vyote. Cucu alikuwa na swali moja tu kila jioni, na ilibidi awepo kesho yake ili asikie jibu.