Usiku wa Pili Bila Kilio

Usiku ule mwanangu hakulia hata mara moja, na bibi yangu, ambaye tulimzika miaka sita nyuma, akaja kuniuliza kwa nini.

Idrisa alikuwa na miezi mitano. Tangu azaliwe hakuwahi kulala zaidi ya saa moja na nusu mfululizo. Kwa kuwa nilishaanza kusahau hata siku za wiki, niliweka daftari chini ya mto na kuandika kila alipoamka: saa nne na nusu, saa sita kasoro, saa saba na robo, hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Mama mkwe, aliyetoka Korogwe kuja kunisaidia, alicheka. "Huyu si mtoto, ni mlinzi wa getini. Mnunulieni rungu." Mume wangu Hamadi hakucheka. Alikwenda kazini macho mekundu. Mimi wiki ile nilitia chumvi kwenye chai mara mbili.

Kisha, ghafla, Idrisa akalala usiku kucha. Asubuhi tulipongezana kama watu waliofanikisha harusi. Usiku wa pili akalala tena, kabla hata ya isha. Nami nikazama usingizini.

Bibi Mwanaidi amekaa ukingoni mwa kitanda. Kanga yake ina unga wa mchele, ule wa vitumbua, na ananuka moshi wa kuni. Mkononi ameshika daftari langu. Bibi hakujua kusoma hata jina lake, lakini anasoma, kidole kikifuata mstari: saa nne na nusu, saa sita kasoro. Nataka kumwamkia, mdomo mzito. Anafunua ukurasa wa mwisho. Mtupu.

"Hapa mtoto alikuwa wapi?"

"Alilala, Bibi."

"Nani kakwambia?"

Kitanda hakipo tena. Tuko kliniki, kwenye foleni ya kupima uzito, na kina mama wote wamenipa mgongo. Idrisa ananing'inia kwenye mizani ndani ya mfuko wake wa kitambaa, miguu imelegea. Watoto wote hulia kwenye mizani ile. Yeye kimya. Namkimbilia, foleni inarefuka. Bibi ameshafika. Anamfinya kisigino, ananigeukia, na kwa sauti ile aliyoitumia nilipokuwa mdogo nikikaribia moto, anasema:

"Mwamshe."

Niliamka nimekaa wima. Nikawasha taa. Idrisa alikuwa akipumua, lakini polepole mno. Nikamwita. Nikamvua fulana, nikampangusa uso kwa maji, nikamfinya kisigino. Hakukunja hata uso. Ndipo nikapiga ukelele ulioamsha nyumba nzima.

Hospitalini, muuguzi alinusa mdomo wa mtoto kabla hajauliza jina. "Mmempa nini huyu?"

Wauguzi walikaa naye mpaka kulipokucha, na alipoanza kulia, Hamadi aliketi sakafuni akashika kichwa.

Tuliporudi nyumbani nilipekua jikoni, rafu moja baada ya nyingine. Nyuma ya kopo la sukari palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, ya watu wazima, tuliyonunua Hamadi alipoumwa kifua. Ilikuwa imepungua, na kifuniko kilikuwa kinanata. Kando yake kijiko cha chai.

"Mwanangu, nimelea saba," mama mkwe alisema. "Sijamlewesha hata mmoja. Wallahi."

"Wallahi si mimi," Hamadi akasema.

Wakanitazama. Nikafungua mdomo ili nami niape. Nikajaribu kukumbuka nilichofanya jioni ile tangu magharibi mpaka nilipojilaza, na jioni ya kabla yake.

Sikukumbuka chochote.