Shujaa aliyekataa maji ya kunawa

Jamani, leo nimemwona shujaa akiogopa jagi la maji!

Mnajua ndoa yangu ni changa, bado natabasamu hata nikimenya mihogo. Leo kanisa lilituletea mgeni hapa Bigo, anayezunguka akisimulia mashujaa wa vita yetu. Wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Bibi arusi ndiye hunawisha wageni. Nilipomfikia, mama mkwe akanipokonya jagi.

"Acha, binti yangu. Huyu nitamunawisha miye."

Akapiga magoti. Mkono wake wa kushoto haunyooki, mnaujua.

"Papa, unanikumbuka? Ulinivunja huu mukono, ukitafuta mutoto wa jirani, ule jirani muliua."

Mgeni akarudisha mikono yake mapajani.

"Alikuwa mu gunia ya mihogo. Pale pale uliegamisha bunduki yako." Akamwonyesha mume wangu. "Ni huyu."

Mpenzi wangu!

Mgeni alikula bila kunawa. Kisha kiongozi wa kikundi chetu cha kanisa akasema, "Tumupigie shujaa makofi!"

Yakapigwa, tena ya nguvu. Nina uchungu mpaka sasa.

Mume wangu hakupiga. Alikuwa amepiga magoti, akimnawisha mama.

Nyinyi mngepiga?