Friwili ya Muuza Kuku

Mume wangu ni fundi baiskeli hapa Mungaa tangu kabla hajanioa, na mwaka ule macho yake yalikuwa yanakwisha. Alikwenda peke yake hospitali ya mjini, akarudi akaniambia ni vumbi tu. Vumbi! Vumbi gani linamfanya mtu amimine chai kando ya kikombe? Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo analijua vizuri kuliko mimi. Sikumbishia. Nilingoja aniambie mwenyewe, maana mimi ni mke wake, si mpangaji wake. Hakuniambia.

Basi tukawa na mtindo wetu, ambao hakuna kati yetu aliyeutaja. Mteja akija, mimi nipo pembeni napepeta alizeti, naropoka kama mwanamke asiye na kazi. "Jamani, ringi la nyuma limepinda hivi!" Au, "Wewe nawe, cheni imekatika ndiyo unaleta leo?" Yeye anasikia, mkono unakwenda palepale. Watu wakasema mke wa fundi ana mdomo. Waseme. Wangejua haoni, nani angemletea baiskeli tena? Na bila kazi ile mume wangu angekuwa maiti anayekula ugali, namjua.

Asubuhi moja ya upepo mkali akaja kijana muuza kuku, mtu wa Itigi, anayezunguka vijijini kukusanya kuku wa kienyeji na kuwapeleka Singida mjini. Alikuwa amenunua mnadani baiskeli ya mtumba, ya gia, matenga yamefungwa nyuma.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Napiga pedeli, zinazunguka bure, gurudumu haliendi."

"Marahaba. Iweke hapa," mume wangu akajibu.

"Makubwa! Gia sita nyuma, zote nyeusi tii," nikaropoka.

Mume wangu akalifungua gurudumu, akalilaza mapajani. Akabonyeza kidole katikati ya gia, kwenye kile kipete ambamo kifunguo huingia, na kwa mkono wa pili akazizungusha gia kinyumenyume.

"Kipete kingezunguka pamoja na gia, ningekwambia hizi zinavuliwa moja moja kama bangili," akasema. "Kimetulia. Hii ni friwili ya hesi, gia zote kitu kimoja, imekazwa kama kifuniko cha chupa. Inatoka nzima."

Nilifurahi hadi nikaacha kupepeta. Mikono ile haikuwa imesahau kitu.

Akakibana kifunguo kwenye jiriwa, akalikalisha gurudumu juu yake, akalinyonga kwenda kushoto kwa mikono miwili. Likalia, likaachia. Akainusa friwili.

"Uliweka mafuta ya alizeti?"

"Ndiyo mzee, si kila mtu anaweka?"

"Na kila mtu ananiletea mimi! Mafuta ya alizeti ni ya kukaangia mboga. Yakikaa humo yanakuwa gundi, vijino vya ndani vinaganda, halafu unapiga pedeli hewani."

Tukacheka sote watatu. Kisha akapapasa kwenye kopo lake, akachagua friwili nyingine ya gia sita, akaanza kuifunga. Hapo ndipo panapotaka macho. Mifereji ya hesi kwenye gurudumu la alumini ni laini, na friwili ikianza upande inaitafuna.

Nikaiona imeanza upande. Nikamwambia kwa Kinyaturu, ambacho yule kijana hakijui, kwamba imelala, aitoe. Akaendelea kukaza. Nikarudia.

"Ni kutu tu," akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifukuza, akaongeza nguvu.

Nilitamani nimpokonye. Lakini nani huku kwetu anampokonya mumewe kazi mkononi mbele ya mgeni? Nikauma meno. Kitu kikakwaruza, mara friwili ikawa inazunguka ovyo bila kushika. Hesi yote imeliwa.

Kijana akainama kutazama. "Lo, mzee! Mbona ilikuwa imekaa upande waziwazi? Hukuiona?"

Nikafungua mdomo nidanganye. Uongo nilikuwa nao tayari, jua, moshi, chochote. Mume wangu akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Gurudumu lako nimeliua, mwanangu," akasema. "Chukua baiskeli yangu, ile pale ukutani, ukawahi kuku wako. Mimi siipandi tena. Sioni. Daktari aliniambia macho hayatarudi."

Kijana akasema pole, akasema tena pole. Akahamisha matenga yake, akaondoka taratibu akiwa anaisukuma baiskeli ya mume wangu, kama vile kuipanda mbele yetu kungekuwa utovu wa adabu.

Nilibaki nimekaa, machozi yananitoka na hasira imenijaa. Neno lile nililingoja tangu kulima hadi kuvuna, tukila sahani moja, tukilala kitanda kimoja. Akaenda kumwambia muuza kuku.