Bafta ya Nosy Be

Baba alikimbilia kisiwa cha Nosy Be mwishoni mwa mwaka 1976, siku zile sisi wenye asili ya Ngazija tulipokuwa tukiwindwa mitaani Mahajanga. Akafia huko. Habari ilifika, kaburi halikujulikana, na mama akalia miaka kwa hilo moja: hana pa kumwombea dua.

Mimi nikaishia kusomea tope. Nilipanda milima ya Tsaratanana, nikazamisha mabomba kwenye vinamasi vya juu kabisa, nikatoa matope yaliyolala humo tangu enzi ambazo baridi ilizidi na msitu ukateremka, ukaziachia nyasi vilele. Chavua na majivu ya kila zama vimo humo, tabaka juu ya tabaka. Kazi tamu, ila nyumbani sikuwa na wa kumsimulia.

Safari moja bomba lilipasuka njiani. Nikiwa Nosy Be nikingoja meli ya kurudi, nilinunua bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, nikalifunga humo tope zima, refu kama bomba lake, juu ya ubao. Duka lile halikuwa na kitambaa kingine.

Kutoka bandarini Mahajanga hadi mtaani kwetu Tsaramandroso nilisaidiana na mchukuzi. Kitu kirefu, cheupe, kimetoka Nosy Be, kimebebwa na binti wa marehemu: majirani wakajijibu wenyewe. Katika nchi yetu mifupa hurudishwa nyumbani hata baada ya miaka. Wanaume wakatoka vibarazani, wakanipokonya ncha yangu, maana mwanamke habebi jeneza, wakapokezana mabegani wakimtaja Mungu. Nilisema ni tope. Nikarudia kwa Kimalagasi. Nani amsikilize mfiwa?

Mama alikuwa amesimama mlangoni, analia tayari. Nilimnong'oneza kwamba ni udongo wa mlimani tu. Akaketi palepale chini. Wanaume wakaelewa, wakautua mzigo kwa upole uleule, wakarudi vibarazani. Siku ile niliichukia kazi yangu.

Mama akaipapasa ile nguo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama udongo huo unajua waliko wafu. Nikamwambia unajua miti na mioto ya zamani, watu hapana.

"Basi chukua udongo wako," akasema. "Nguo niachie."

Aliifua, akaitia sandukuni. Alipofariki, miaka mingi baadaye, wanawake waliomwosha waliikunjua, wakakuta doa la tope bado lipo katikati. Wakaniuliza kama wakanunue sanda nyingine, iliyo safi.

Nikawaambia wamvishe hiyo.