Mrija wa Sita

Nicheke tu, msomaji, maana nimeshajicheka. Nafundisha wahudumu wa hoteli hapa Kisumu kuonja divai, na wimbo wangu ni mmoja: kinywaji husema kilikotoka.

Juzi mchana nilienda Dunga, kando ya ziwa, kutafuta pombe ya mtama niwaonjeshe wanafunzi. Kwenye boma moja niliwakuta wazee watano wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija wa sita ulielekea kiti kitupu. Sikungoja kukaribishwa. Nikaketi, nikavuta, nikafumba macho kama profesa.

"Nasikia moshi wa kuni," nikatangaza. "Tope la ziwa. Na dagaa wa omena walioanikwa karibu."

Mama mwenye boma akaacha kupepeta, akaja polepole.

"Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa anasema kila akionja," akanong'ona. "Moshi, tope, omena."

"Nani, Mama?"

"Bwana wangu. Tangu tumzike, hicho kiti hakikaliwi. Mrija tunamwekea yeye."

Nikautema mrija. Mama akainua macho, akatazama nyuma ya bega langu.

"Msamehe, Mzee," akasema. "Huyu ni mgeni."